Sauti ya Akida Nyumbani mwa Mwali

Nyumba ya Wasichana, Misheni, Korogwe
29 Agosti 1910

Kwa dada yangu Mwanaidi binti Semboja, Mazingara.

Pokea salamu zangu zote, na kwa baba mkubwa na mama mkubwa nifikishie shikamoo, kila mmoja yake, usizichanganye.

Nimefika salama jana. Mzee Habakuki alinipandisha punda wake pale njia ilipokuwa na mchanga mwingi. Anasema kwa miaka kumi anachukua chumvi kati ya Korogwe na Handeni, na chumvi haijawahi kumuuliza bado ni mbali gani. Amekubali kutuchukulia barua kila juma, kwa hiyo usisingizie tena kwamba huna mtu wa kumpa. Nimekufundisha kuandika likizo tatu. Andika.

Dada, bado nacheka peke yangu nikikumbuka alasiri ile nyumbani mwa mwali. Mlango umefungwa, wanawake wamevaa kanzu za waume zao, kila mmoja anaimba kwa sauti ya mwanamume fulani wa kijiji, na wewe mwali umeketi mkekani, umekatazwa kucheka, mabega yanakutetemeka. Nilipoambiwa nimwimbe Akida Muhidini niliogopa. Kisha nikaona ni kazi ileile ninayoifanya huku. Katika kwaya Bibi Mwalimu hutuambia tuiweke sauti juu, nyuma ya paji la uso, mdomo uwe mviringo. Ukija wimbo wa Kijerumani wa kumsifu Kaisari, meno husogea karibu na kila neno hukatwa mwishoni kama uzi. Kasida nilizojifunza kwenu hupita puani, shingo ikiwa imeinuka. Nyimbo za kutwanga hutoka kifuani mchi unaposhuka. Watu husema nina sauti nyingi. Mimi naona ninayo moja tu, ila kabla ya kuimba hujiuliza ni nani anayesimama ndani ya wimbo huu, kisha nampisha.

Basi nilimpisha akida. Nilimwimba akikagua barabara na kulaumu jua, mwisho nikamfanya aamuru: “Kesho barabara hakuna! Kila mtu alale kwake!” Hata Bibi Amne, kungwi wako, alishika ukuta kwa kicheko.

Najua ya nyumba ya mwali hayatoki nje, na mimi nimeapa kama wengine. Lakini nakuomba zaidi ya kiapo: jina langu lisitajwe hata kwa mzaha. Huku tumekatazwa ngoma kabisa. Siku ya Malaika Mikaeli, 29 Septemba, Bibi Mwalimu atamtaja msichana wa kwenda Mashewa kuwafundisha watoto kusoma na kuimba. Ni mimi au Rosina. Sithubutu kusema natumaini, ila baba yangu pale stesheni ya Makuyuni ameshawaambia watu wote wanaoshuka garini.

Ndugu yako akupendaye,
Serafina Simeo


Mazingara
4 Septemba 1910

Kwa Serafina.

Barua yako nimeisoma nikaichoma jikoni. Usiandike tena mambo yale.

Baba amefungwa.

Nakueleza kwa mpango kama ulivyonifundisha. Alasiri ile wanaume walikuwa wanarudi kutoka kazi ya barabara, na baba ndiye mnyapara wao. Walipopita nyuma ya ua walisikia sauti ya akida ndani ya nyumba ya mwali. Punda wake alikuwa amefungwa kwa jumbe siku hiyo, kwa hiyo walijua yuko kijijini. Kwanza baba alikasirika. Alisema, “Mtu huyu hana haya, ameingia hata kwa mwanangu!” Halafu wakasikia kwamba kesho barabara hakuna. Hawakungoja zaidi. Baba akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wapumzike.

Kesho yake hakwenda mtu, na wewe ulikuwa umeshashika njia. Kesho kutwa wakaja askari. Wanaume kumi na watatu wamepigwa viboko hamsa ishirini kila mmoja. Hiza mchumba wangu ni mmoja wao, analala kifudifudi mpaka leo. Baba hakupigwa. Ameambiwa yeye ni mwongo, amewachochea watu kwa jina la akida. Yuko boma la Handeni, mnyororo shingoni. Bwana Mkubwa wa boma atatoa hukumu Jumamosi tarehe 24. Karani anasema ni mwaka mzima wa mnyororo huko Pangani. Baba anakohoa tangu masika. Mama anasema akienda hatarudi.

Baba anaapa kwamba alimsikia akida. Akida anaapa kwamba hakusema neno. Wote wawili wanaapa kweli. Wanawake kumi na wanane wanalijua hilo na hakuna anayefungua mdomo, nusu kwa kumwogopa akida, nusu kwa kiapo. Bibi Amne alitukusanya kisimani. Akasema, “Ya mwali yakiwafikia wanaume, mwali huyo hajachezwa. Mtamwoza nani?” Mama alilia, akajitwika ndoo yake, akarudi nyumbani.

Wewe ndiye mwenye elimu. Niambie la kufanya.

Mwanaidi


Korogwe
8 Septemba 1910

Dada Mwanaidi,

Tangu nilipoifungua barua yako sijala vizuri. Namwombea baba mkubwa asubuhi na jioni. Nimewaombea na wale kumi na watatu, na Hiza kwa jina lake.

Nimefikiri sana. Naona iandikwe barua ya heshima kwa Bwana Mkubwa, ielezwe kwamba baba mkubwa ni mtu mwaminifu na huenda alikosea kwa sababu ya upepo au uchovu. Andikeni, nami nitaisahihisha. Au labda mmoja wa wale wanawake wakubwa, mwenye mume anayeheshimiwa, angeweza kwenda kusema kidogo tu, bila kutaja nani aliimba. Akisema ilikuwa michezo ya wanawake, je, haitoshi?

Nakusihi uniambie kweli: kuna mtu yeyote aliyelitaja jina langu? Mzee Habakuki anasema karani wa boma alimuuliza ni barua gani anazochukua. Alimwambia ni za bei ya chumvi.

Jumapili Bibi Mwalimu amenipa kuimba peke yangu baada ya sala. Alisema sauti yangu ni safi. Niliona haya.

Ndugu yako,
Serafina


Mazingara
11 Septemba 1910

Serafina,

Jina lako halijatajwa. Lala.

Umeniuliza hilo, hukuniuliza baba anakula nini. Basi nakwambia. Ramadhani imeingia na baba anafunga vilevile. Mchana wanabeba mawe ya ukuta wa boma, yeye na wengine wanane katika mnyororo mmoja. Akikohoa mmoja, wote hutikisika. Nilimpelekea uji wa kufuturia. Askari mmoja, Rehani, aliniruhusu kukaa naye kidogo. Baba aliniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, wewe ulikuwa humo ndani. Akida aliingia au hakuingia? Maana nimeanza kujiona nimeingia wazimu.” Nikamwangalia. Akasema, “Basi, usiseme,” akanywa uji.

Barua ya heshima haina kazi. Ziko nyingi kwenye meza ya karani, anafungia tumbaku. Wanawake wakubwa hawataki kwenda. Na mtu akienda akasema ilikuwa michezo, atajibiwa: thibitisha.

Nimeamua. Mimi ndiye mwali. Siri hii ni yangu kabla ya kuwa ya Bibi Amne. Nitakwenda bomani niseme kwamba mimi ndiye niliyeimba. Watasema, haya, itoe sauti hiyo tuisikie. Kwa hiyo nifundishe kwa barua, kama unavyofundishwa wewe nyimbo za Wazungu kwa karatasi. Ukiniandikia upesi nitakwenda Jumatatu tarehe 19, nisingoje siku ya hukumu. Sitakutaja.

Mwanaidi


Korogwe
14 Septemba 1910

Dada yangu mpendwa,

Wewe ni shujaa kuliko mimi. Nimekesha na neno hilo na silitoi. Nakufundisha kama ninavyojua, fuata hatua moja moja.

Kwanza acha koo. Watu wanaotaka kuiga mwanamume hukwaruza koo, na sauti inayotoka ni ya mwanamke mwenye mafua. Anza na tumbo. Akida Muhidini ni mtu mnene aliyekazwa na mkanda, na sauti yake inaegemea mkanda ule. Simama miguu ikiwa mbali, tumbo mbele, uzito kwenye visigino. Jifunge kanga kwa nguvu chini ya mbavu, uisukume kwa pumzi.

Pili, usipige kelele. Yeye hana haja ya kelele. Anasema kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa “rudia”. Neno la kwanza liwe zito na la chini, la katikati haraka, la mwisho livutwe kivivu kama anayeanza kupiga miayo: “Kesho barabara hakunaaa.” Mwisho unashuka, haupandi. Ukipanda kidogo tu umekuwa unaomba.

Tatu, taya. Ana tambuu upande wa kushoto siku zote, hata sasa mchana wa Ramadhani, wasema watu. Weka punje tatu za mahindi shavuni mpaka uzoee.

Nne, usimchekee. Mimi nilipomwimba sikumdharau hata kidogo. Nilijiona nimechoka, nina jua kichwani, na watu hawa wote ni wavivu. Ukimdharau, watu wanakusikia wewe ukimdharau, hawamsikii yeye.

Jaribu kwanza shambani, mbali na watu, kisha mbele ya mtu asiyejua. Akigeuka kumtafuta akida, umeipata.

Hayo ndiyo yote.

Serafina


Mazingara
18 Septemba 1910

Serafina,

Sikuipata.

Nimejaribu siku mbili mfululizo kwenye shamba la mihogo, koo kavu kwa saumu. Nimesimama kwa visigino mpaka vikauma. Punje za mahindi nimezimeza mbili na kuharibu funga yangu bila kutaka. Jana nilimjaribu mdogo wetu Mwaija. Nikajificha nyuma ya banda nikasema, “Leteni maji hapa!” Mwaija akacheka akasema, “Dada, huyo si akida, huyo ni mbuzi wa akida.” Nikajaribu tena uani, mhunzi Mhina akipita njiani. Nikasema, “Simama!” Hakusimama. Aliitikia huku akienda, “Mwanaidi, una kwikwi? Kunywa maji magharibi.”

Nimefuata yote uliyoandika. Maneno yako ninayo kwa moyo. Tumbo ni hilo, mwisho unashuka, sidharau mtu. Lakini hakuna anayegeuka. Kuna kitu hakipo na sikijui.

Kesho ni Jumatatu na sitakwenda, maana nikienda na sauti hii watanicheka, na baba atakuwa na binti mwongo pamoja na uwongo wake. Hukumu ni Jumamosi. Mama ameshamfulia kanzu ya kusafiria.

Mzee Habakuki atakufikishia hii Jumanne, na Jumatano alfajiri anarudi Handeni. Sikuombi kitu. Nakwambia tu siku anazosafiri.

Mwanaidi


Korogwe
20 Septemba 1910, Jumanne

Kwa Bibi Mwalimu, kwa heshima.

Barua hii nimeiweka juu ya kitabu chako cha nyimbo ili uione kabla ya sala ya asubuhi. Utakapoisoma nitakuwa nimevuka mto pamoja na Mzee Habakuki, Mkristo unayemfahamu. Nakwenda boma la Handeni bila ruhusa yako. Sikukuomba kwa sababu ungekataa, na ningekutii.

Mwezi wa nane nilipokuwa likizo niliingia katika ngoma ya mwali tuliyokatazwa, nikaimba kwa sauti ya Akida. Mume wa dada wa mama yangu aliisikia akaiamini, na sasa amefungwa kwa kosa langu. Watu kumi na watatu wamepigwa. Nimelijua jambo hili siku kumi na tatu, nami kila siku nimeimba mbele yako.

Ulisema kwamba sauti yangu ni safi. Naomba ulifute neno hilo mpaka nitakaporudi.

Mwanafunzi wako,
Serafina Simeo


Mazingara
27 Septemba 1910

Serafina,

Uliondoka na Mzee Habakuki moja kwa moja toka bomani na hatukupata hata nafasi ya kusalimiana. Wewe ulikuwa ndani, hukuona ya nje. Nakuandikia ya nje.

Tulikuwa tumekaa kwenye vumbi upande wa lango, mama, mimi, na wanawake saba wa hapa. Bibi Amne naye alikuja. Alisema amekuja kuhakikisha hakuna atakayefungua mdomo. Baba alikuwa amesimamishwa katikati ya uwanja, peke yake sasa, mnyororo umefungwa kwenye nguzo, Rehani amemshikia ufunguo. Barazani tulimwona Bwana Mkubwa mezani, na akida kitini ubavuni mwake, na karani akitafsiri. Ghafla tukakuona wewe ukipita na gauni lako la shule. Mama akasema, “Huyo si Serafina?” Bibi Amne akasema, “Nyamaza, huyo ni jini.”

Hatukusikia uliyosema. Tulimwona akida akicheka na kukupungia mkono kama anayefukuza kuku. Tukamwona Bwana Mkubwa akikuonyesha mlango wa ghala nyuma ya baraza, nawe ukaingia, mlango ukafungwa. Mimi nilidhani umefungwa na wewe. Niliinuka, mama akanivuta.

Kulikuwa kimya. Kisha tukasikia pumzi. Naapa niliisikia mpaka langoni, fupi, ya puani, kama mtu anayenusa mchuzi. Halafu kimya tena. Rehani akanyoosha mgongo. Wanawake wote wakainamisha vichwa, na mimi niliinamisha, nami nilijua ni wewe. Ndipo sauti ikaja: “Wewe Rehani. Mfungue mzee huyooo.”

Rehani akasema, “Ndiyo, bwana!” Akatia ufunguo, akageuza, mnyororo ukaanguka.

Akida alikuwa amekaa palepale kitini mbele ya watu wote, mdomo wazi, tambuu inaonekana.

Bwana Mkubwa alitazama kufuli, akamtazama akida, akacheka mpaka akavua miwani. Hakuna mwingine aliyethubutu. Rehani alibaki na ufunguo mkononi, akasema, “Bwana, nimeamriwa!” Na hilo neno, Serafina, ndilo neno lilelile baba analolisema mwezi mzima.

Baba yuko nyumbani. Analala mchana na usiku. Wale kumi na watatu hakuna aliyewaambia pole. Akida amekatazwa kutoa amri kwa mdomo, sasa amri zote za barabara huja kwa cheti chenye mhuri, na kwa kuwa jumbe hajui kusoma huniletea mimi. Bibi Amne amesema sijachezwa. Baba alimwita akamwambia, “Mimi nimekaa mwezi mnyororoni kwa ajili ya ngoma ya mtoto huyu. Ni nani mwingine aliyecheza zaidi?” Bibi Amne akaondoka. Lakini amesema wewe hutavuka tena kizingiti cha nyumba ya mwali, yoyote, maisha yako yote.

Neno moja. Ile pumzi, na kile kimya. Hukuniandikia. Nadhani ulisahau, kwa haraka.

Mwanaidi


Korogwe
1 Oktoba 1910

Dada Mwanaidi,

Namshukuru Mungu kwa baba mkubwa. Habari zangu ni hizi. Bibi Mwalimu alinisimamisha mbele ya wasichana wote, akasoma barua yangu. Kisha akasema nimefanya jema kwa njia aliyonikataza, na kwamba yeye hajui namna ya kuyatenga mawili hayo. Sitaimba katika kwaya mpaka Noeli. Juzi alimtaja Rosina kwenda Mashewa. Rosina alilia kuliko mimi. Mwalimu Filemoni anayetufundisha hesabu alinipitia nikifagia, akasema shule ya Mashewa haina miguu, mwakani itakuwa palepale. Naendelea kuamini hivyo, kidogo. Baba yangu amewaambia watu wa stesheni kwamba nimeahirishwa.

Sasa neno lako moja. Nimekaa nalo siku nzima, nikaandika karatasi mbili za uwongo nikazichana.

Sikusahau. Nilipokuandikia yale mafundisho niliandika mambo matano. La tano lilikuwa hili: kabla ya kila amri akida huvuta pumzi kwa pua, kisha hunyamaza, na katika kimya kile watu wote hunyoosha migongo. Sauti yake ni ya kawaida. Mtu huwa ameshatii kabla haijatoka. Bila kimya kile hakuna akida. Nilikuwa nimeliandika, dada. Nikaikunja karatasi. Nikaikunjua. Nikanakili upya yote manne katika karatasi nyingine, nikaandika “Hayo ndiyo yote.”

Nilijidanganya kwamba nakuokoa na hatari. Si kweli. Nilikuwa nimeiona sauti ile mwenyewe, nimeitafuta mwenyewe, na sikupenda itoke kwa mtu mwingine. Hata kwako. Hata kwa ajili ya baba. Wakati uleule niliogopa kuitoa mwenyewe. Yote mawili yalikaa ndani yangu kwa pamoja bila kugombana, na nikasali nikalala.

Ungekuwa nalo, ungekwenda Jumatatu. Mimi nilikwenda Jumamosi. Siku tano zile baba mkubwa alikuwa mnyororoni kwa ajili ya mstari mmoja nilioufuta.

Msomee mtu yeyote unayetaka. Sikuombi unifichie.

Serafina


Mazingara
9 Oktoba 1910

Serafina,

Nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea baba siku ya pili ya Idi, baada ya wageni kuondoka. Hiza alikuwepo. Sikuwaficha, kwa kuwa hukuniomba.

Hiza aliinuka, akasema, “Muulize kama anajua kuiga na mgongo wangu,” akatoka nje. Baadaye alirudi akala. Ndivyo alivyo.

Baba alihesabu kwa vidole. Jumatatu. Jumanne. Alipofika Jumatano akasema, “Hiyo ndiyo siku kidonda cha shingo kilipofunguka.” Akaendelea: Alhamisi, Ijumaa. Akaviangalia vidole vyake vyote vitano kwa muda. Kisha akauliza, “Na hiyo karatasi ya kwanza, yenye mambo matano, bado anayo?” Nikamwambia sijui. Akasema, “Mwandikie aje harusini.”

Baba amekusamehe upesi kwa sababu ni mzee na amechoka. Mimi sijakusamehe. Nakwambia hivyo ili usije ukiwa na matumaini ya bure. Nilisimama kwenye mihogo nikibweka kama mbwa, nikijiona mjinga, nikidhani upungufu ni wangu. Nilidhani simpendi baba vya kutosha. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko siku tano.

Harusi ni Alhamisi tarehe 20. Wakikupa ruhusa, njoo na Mzee Habakuki. Wasipokupa, niandikie kwamba hawakukupa, usitoroke tena.

Bibi Amne ameshikilia kuwa hutavuka kizingiti. Basi nimesema mkeka wangu utandikwe uani, karibu na jiko, na atakayetaka kumwona bibi harusi atatoka nje. Bibi Amne amenuna, lakini ametuma unga.

Sikiliza sasa. Watu wa vijiji vyote wamesikia habari ya boma. Watataka uimbe. Watakuomba akida, watakuomba Bwana Mkubwa na kicheko chake, mama atakuomba kasida, na wenye kupenda mambo mapya watakuomba Kijerumani. Usiimbe. Hata kidogo, hata ukiombwa na baba. Kaa upande wangu wa kushoto, kula wali, watanie mawifi zangu, wana vichwa vikubwa. Wakikuuliza kwa nini huimbi, usiwajibu. Niachie mimi nijibu.

Mwanaidi